Makro isiachiwe kukisia tarehe

Wiki hii nimepitia makro ya SAS (programu ya kuchambua data; makro ni maandishi yanayozalisha amri zake) iliyoandikwa na mtu mwingine, kazi yake kuchuja rekodi kati ya tarehe mbili, na hasira haijaniisha. Logi, yaani taarifa ya SAS kuhusu kazi iliyofanyika, ilikuwa safi, bila kosa wala onyo. Jedwali lilitoka limepangika vizuri. Na lilikuwa la uongo.

Tarehe zilikuwa zimeandikwa kwa mtindo wa 2021-12-31, ule unaosifiwa kwa kuwa hujipanga wenyewe. Sifa hiyo ni ya haki, lakini si ndani ya %IF, amri ya sharti ya makro. Sharti hilo hupitia %EVAL, kikokotoo cha namba nzima cha makro, na %EVAL ikikuta namba nzima zenye vistari katikati, inatoa. 2021 toa 12 toa 31 ni 1978. 2021 toa 2 toa 1 ni 2018. Kwa hiyo siku ya mwisho ya Desemba imehesabiwa kuwa nyuma ya Februari mosi ya mwaka huohuo! Mwenye kuzitenganisha kwa mikwaju asijione salama: 03/04/2021 ni kugawanya, jibu ni 0, na siku zote za mwaka zinakuwa 0. Mwenye 01FEB2021 na 15JAN2021 atalinganishiwa herufi kwa herufi, na Februari itatangulia Januari kwa sababu tu 0 huja kabla ya 1.

Makro haijui tarehe, inajua maandishi. Tarehe kwa SAS ni idadi ya siku tangu Januari 1, 1960, siku ambayo ni 0. Januari 1, 2021 ni 22281. Namba hiyo ndiyo ya kulinganishwa, na hupatikana hivi:

%let mwanzo = %sysfunc(inputn(03/04/2021, ddmmyy10.));

Kinachosoma maandishi kuwa namba ni INPUTN, kwa kuwa INPUT ya kawaida haikubaliki ndani ya %SYSFUNC, inayoita vitendakazi vya SAS kutoka kwenye makro. Ila kinachonigusa zaidi ni hicho kipande cha mwisho, DDMMYY10. Hapo mwandishi ametamka kwamba siku inatangulia mwezi, na jibu ni 22373, yaani Aprili 3. Angeandika MMDDYY10. angepata 22343, Machi 4. Siku thelathini za tofauti kwa maandishi yaleyale, na hakuna kompyuta duniani inayoweza kujua ipi ilikusudiwa. Anayejua ni aliyeandika data.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaoweka ANYDTDTE, umbizo linalosoma tarehe za mitindo mingi, kila mahali kisha wakasema "inafanya kazi yenyewe". Inakisia. Tarehe ikiwa na utata, inafuata mpangilio wa DATESTYLE, unaosema kipi kinatangulia kati ya siku, mwezi na mwaka, ambao nao unaweza kufuata lugha na eneo la mashine. Mpangilio ukiwa wa mwezi kwanza, 12/04/2021 itasomwa Desemba 4, na 13/04/2021 itasomwa Aprili 13 kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Siku kumi na mbili za mwanzo wa mwezi zinapinduliwa, zilizobaki zinasomwa sawa, na safu nzima inapita kimya. MMDDYY10. ingeikataa 13/04/2021 na kukurudishia nukta, alama ya SAS ya thamani iliyokosekana. Hiyo nukta ni msaada: inakuambia kuna jambo hulijui kuhusu data yako. Mtu anaweza kuamua mgonjwa apewe dawa lini kwa kutegemea safu kama hiyo.

Nakiri kwamba data ikitoka vyanzo kumi vyenye mitindo kumi, ANYDTDTE inasaidia kuichungulia mara ya kwanza. Kuichungulia tu.

Mwaka wa tarakimu mbili nao ukomeshwe. Katika SAS 9.4 YEARCUTOFF, mwaka wa kwanza wa miaka mia ambamo tarakimu mbili husomwa, isipoguswa ni 1926, hivyo 25 inasomwa 2025 na 26 inasomwa 1926.

Ninachoomba kwa kila anayeandika makro itakayotumiwa na wenzake: tarehe ibadilishwe kuwa namba mara tu inapoingia, mpangilio wake utajwe, kisha namba hiyo irudishwe kwenye logi kwa %PUT, inayoandika kwenye logi, na PUTN, inayogeuza namba kuwa maandishi, umbizo likiwa DATE9. Mwezi ukionekana kwa herufi, 03APR2021 au 04MAR2021, mwenye data atajua papo hapo kama amesomwa sawa, hata kama hajawahi kuandika mstari mmoja wa SAS.