Usiende kwenye kongamano la picha kununua lenzi

Maonyesho ya photokina yalianza mwaka 1950 huko Cologne, Ujerumani, na kwa miongo mingi hapakuwa na kampuni kubwa ya kamera iliyothubutu kuyakosa. Ya mwisho yalifanyika 2018. Ya 2020 yalifutwa, na kabla mwaka haujaisha waandaaji wakatangaza kuyasimamisha bila kutaja tarehe ya kurudi. Korona ilichangia, lakini maradhi yalikuwa ya siku nyingi. Kamera mpya siku hizi huzinduliwa mtandaoni, na kabla haijafika dukani umeshaitazama ikijaribiwa na watu kumi. Nauli ya ndege kwa ajili ya kwenda kuishika tu ni hasara.

Yaliyobaki hai ni yale yanayouza darasa. Imaging USA, la chama cha Professional Photographers of America (PPA), kwa kawaida hufanyika Januari na kuhama mji hadi mji. WPPI, la wapiga picha za harusi na potreti, kwa miaka mingi limefanyika Las Vegas. Sharjah, Falme za Kiarabu, wana Xposure tangu 2016, na huko ndiko karibu zaidi kwa mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar: saa zao zimetutangulia kwa moja tu. Yote haya yana ukumbi wa maduka, na humo ndimo wengi wanamomalizia siku na pesa zao. Kwangu mimi ukumbi huo unastahili nusu siku, tena ya mwisho.

Anza na chumba ambacho mara nyingi hakina foleni: kile wanamohukumu picha. WPPI kwa miaka mingi imekuwa ikihukumu picha zilizosafishwa kwenye karatasi mbele ya watu, na yeyote anaruhusiwa kukaa akatazama. Majaji, kwa kawaida watano, wanakaa mstari mmoja. Picha inawekwa chini ya taa ambazo hazibadilishwi, jina la mpigaji halitajwi, na kila jaji anatoa alama katika 100. Mpaka wa kazi nzuri ni 80. Jaji ambaye alama yake iko mbali na za wenzake anaweza kuomba nafasi ya kuitetea picha, kisha alama zinatolewa upya. Maneno yanayosemwa katika dakika hizo mbili tatu ni shule kuliko hotuba nyingi za jukwaa kuu, kwa sababu mtu analazimika kueleza kwa nini kivuli kile kinasaidia au kwa nini mkono ule umeiua picha.

Nenda na daftari, andika alama yako kabla ya majaji hawajatoa yao. Ukitoka baada ya dakika kumi hujapata kitu. Baada ya picha ya thelathini au arobaini ndipo unapoanza kuona unapotofautiana nao kila mara. Mpiga picha wa harusi, kwa mfano, huipa alama nyingi picha yenye tukio la kugusa moyo na kusamehe mandhari iliyojaa viti vya plastiki na nyaya. Majaji hawasamehi. Wale wa PPA kwa miaka mingi wametumia vigezo 12, cha kwanza ni mguso wa picha kwa mtazamaji, lakini orodha hiyo hiyo ina mwanga, uwiano wa rangi na namna kazi ilivyowasilishwa.

Mahali pa pili ni meza ya kukosolewa kazi yako mwenyewe. Muda huwa mfupi, dakika 15 au 20, na makosa ni yale yale: mtu anafika na picha 60 kwenye simu, anazitelezesha kwa kidole huku akieleza siku ile mvua ilivyonyesha. Beba picha 12 hadi 15 za aina moja ya kazi, zilizosafishwa kwa inchi 8 kwa 10. Kwa nukta 300 kila inchi, saizi hiyo inahitaji pikseli 2400 kwa 3000, na karibu kila kamera ya leo inazifikia. Ukitaka inchi 16 kwa 20, kamera ya megapikseli 24 ikikatwa kufuata umbo la karatasi inakupa pikseli 5000 kwa 4000, yaani nukta 250 kwa inchi. Zinatosha kabisa, usidanganywe kununua kamera nyingine kwa sababu hiyo.

Picha zikitoka nyeusi kuliko ulivyoziona kwenye kompyuta, usiilaumu studio ya kusafishia. Mara nyingi ni skrini yako inayong'aa kupita kiasi. Punguza mwangaza wake mpaka karatasi nyeupe iliyo kando yake, chini ya taa ya kawaida ya chumbani, ilingane na ukurasa mweupe wa kwenye skrini, kisha hariri upya. Na humo kwenye zile 12 tia mbili zilizokushinda. Ukipeleka zinazokupendeza tu utarudi na sifa, na sifa ungeweza kuzipata nyumbani bila nauli.

Sasa darasa. Hapa watu huandika visivyo na maana. Mwalimu anasema f/8 (uwazi wa lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga), ukumbi mzima unainamia daftari. Bila umbali wa taa, namba hiyo ni bure. Softiboksi, yaani taa iliyofunikwa kitambaa cha kulainisha mwanga, iliyokupa f/8 ikiwa mita 1 kutoka usoni, ukiirudisha mita 2 mwanga unabaki robo, umepoteza stopu mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo sasa ni f/4. Ukuta mweupe ulio mita 4 kutoka kwenye taa hiyo unapata sehemu moja ya kumi na sita ya mwanga unaofika usoni, ikiwa taa iko mita 1 kutoka uso huo. Ndiyo maana kwenye picha ya mwalimu ukuta ule unaonekana wa kijivu kilichokolea, na ukienda kuujaribu nyumbani chumba kikiwa kidogo unabaki mweupe. Kosa haliko kwenye kamera, liko kwenye ukubwa wa chumba.

Kwa hiyo andika vitu vinne: ukubwa wa kitu kilicho mbele ya taa, umbali wake hadi usoni, umbali hadi ukutani, na upande ilipo. Ukichelewa kuona taa ilipowekwa, tazama kitone cheupe kwenye mboni za mwanamitindo. Kikikaa ilipo namba 10 kwenye uso wa saa ya mshale, taa iko juu upande huo. Piga picha moja ya simu kutoka pembeni inayoonyesha jukwaa zima. Inashinda kurasa tatu za maelezo.

Uliza pia kuhusu ngozi nyeusi, na uliza mbele ya watu. Tangu miaka ya 1950 Kodak walikuwa wakizipa studio kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizokuja kuitwa kadi za Shirley, na filamu na mashine zikarekebishwa kumfuata yeye. Filamu zimepita, lakini jukwaani bado utakuta darasa la siku nzima lenye wanamitindo weupe watupu. Ngozi yetu hupendeza kwa mng'ao unaoakisiwa kutoka kwenye chanzo kipana kilichowekwa ubavuni. Kuongeza flashi ya mbele mpaka uso uwe wa kijivu ni kuiharibu. Mwalimu anayejua kazi atakuonyesha tofauti hiyo kwa dakika tano. Asiyejua atakuambia "ongeza mwangaza kwenye programu", na hapo unaweza kunyanyuka ukatafute darasa jingine.

Madarasa mawili kwa siku yanatosha. La tatu unalisikia, hulishiki.

Ukumbi wa maduka nao una matumizi yake, ila siyo ya kufungua pochi. Nenda na kamera yako na memori kadi tupu, omba kufunga lenzi unayoiwazia, piga kitu kimoja tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, katikati na kwenye pembe, kisha kakague usiku kwenye kompyuta. Kwenye banda la albamu, fungua kurasa za katikati na uzikunje mara kadhaa uone kama mshono unapasuka. Kununua hapo hapo kuna mtego wa waranti, kwa sababu nyingi ni za nchi au eneo ulikonunulia, na lenzi ikigoma ukiwa Mwanza utagharamia mwenyewe. Semina za bure zilizo ndani ya mabanda ni matangazo. Sikiliza ujanja wa kupiga, sahau jina la bidhaa.

Kwenye ndege, betri za lithiamu hukaa kwenye begi la mkononi. Zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya flashi ya volti 14.4 na ampea-saa 2.9 ni kama wati-saa 42, haina shida. Kikomo cha kawaida bila ruhusa ya shirika la ndege ni 100. Kati ya 100 na 160 omba ruhusa kabla, na huwa hazizidi mbili. Beba risiti na orodha ya namba za vifaa ili forodha wasikutoze kwa kamera uliyoondoka nayo.

Hesabu iwe kavu. Tuseme safari nzima ni shilingi milioni 6 za Kitanzania na faida yako safi kwa harusi ni laki 4: hizo ni harusi 15 kabla hujaanza kula. Ukiona 15 ni mlima, Sharjah au warsha ya jirani inakufaa zaidi mwaka huu. Kwa Marekani kumbuka ada ya viza ya matembezi hairudishwi hata ukinyimwa. Madarasa ya vitendo yana viti vichache na hujaa mapema, kwa hiyo soma masharti ya kurudishiwa fedha, lipia kiti cha darasa, shughulikia viza, na tiketi ya ndege ikate mwisho.