Dola inakubalika kila mahali, sawa, ila kwa bei ya nani?

Jumapili tulikuwa kwenye kikao cha harusi, kile cha tatu, ambacho watu wameshachoka kuahidi wanaanza kupiga stori. Bwana harusi akatutangazia kwamba fungate wanaenda kulia melini, ile safari ya kuzunguka visiwa vya Bahari ya Hindi: Mauritius, Réunion, Madagaska, Ushelisheli. Vigelegele. Afu akauliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, sasa hela tunabebaje, nchi nne hizo? Mzee mmoja wa kamati, ambaye naamini safari yake ndefu ya majini ni pantoni la Kigamboni, akajibu bila hata kuweka soda chini: "Beba dola tu mwanangu. Dola inakubalika kila mahali."

Watu wote wakatikisa kichwa. Mi nikanyamaza maana pale niko upande wa bibi harusi na bado tuna mambo yetu ya kuomba. Ila nimekaa nayo siku tatu, imegoma kushuka, kwaiyo leo naitapika hapa.

Safari hiyo mimi nimeienda. Mdogo wangu yuko Muscat, mambo yake yalimnyookea kidogo, akasema Mama anatimiza miaka 70 na hajawahi kupanda chombo kikubwa kuliko boti ya Zanzibar, akalipa tiketi mbili, mimi nikawa msindikizaji (kazi ngumu jamani, kula mara nne kwa siku). Tukaruka mpaka Mauritius, tukapandia meli Port Louis. Na mimi nilikuwa na ushauri uleule wa yule mzee, neno kwa neno. Nilinunua dola Dar, noti safi, nikajiona nimemaliza.

Mama yeye alikuwa na shilingi zake kwenye pindo la kanga, kazifunga fundo la Kitanga lile ambalo mwizi akitaka kulifungua inabidi akae chini. Nikamwambia Mama, huko shilingi yetu hawaichenji. Akasema, "Hela ni hela." Port Louis tukaenda dirishani, kijana akaziangalia akatabasamu kwa adabu akazirudisha. Mama hakusema kitu, akafunga fundo upya. Nilijisikia vibaya utafikiri wamemkataa yeye.

Ila subiri. Pamoja na shilingi alikuwa na noti tatu za riali ishirini ishirini alizopewa na mwanae. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola toka 1986, riali moja ni dola 2.60, yaani noti moja ile ni dola 52, noti nzito kuliko ya dola yoyote utakayotoa wewe mfukoni labda uwe na ya mia. Kijana wa kwanza akaigeuzageuza, akamwita mwenzie, wakaitazama kwenye mwanga, wakasema hapana. Dirisha la pili, hapana. La tatu wakasema ndiyo, na bei waliyotupa nilihisi ni kama wametuhurumia na kutuibia kwa mkono mmoja. Hapo ndo akili ikaanza kunifunguka: nguvu ya hela na kukubalika kwa hela ni vitu viwili havijuani kabisa. Hela inakubalika pale ambapo yule anaeipokea anajua ataipeleka wapi kesho asubuhi. Na kama ni usumbufu kwake kuipeleka, gharama ya huo usumbufu unalipa wewe.

Dola kweli inapokelewa sehemu nyingi. Ila anaepokea ndo anaepanga reti. Muuza kofia bandarini hana kibao cha Benki Kuu pale, ana kichwa chake, na kichwa chake kinapenda namba za mviringo. Afu hesabu yenyewe watu hawaifanyi. Umenunua dola nyumbani, umekatwa. Umezigeuza rupia, hela ya Mauritius, umekatwa. Zimebaki rupia, meli inaondoka saa 12 jioni, unazirudisha dola, umekatwa tena. Kila mkono ukichukua asilimia 4 tu, na asilimia 4 ni watu wastaarabu hao, mia yako inabaki 88 na ushee na hujala hata embe.

Melini penyewe hakuna shida, wala usisumbuke. Hakuna kaunta inayogusa noti, unapewa kadi ndo ufunguo wa chumba ndo pochi, kila kitu kinaandikwa kwa euro, bakshishi ya wahudumu inakatwa kila siku upende usipende, siku ya mwisho unaletewa bili ya kukutoa machozi. Mama alivyoambiwa soda inalipiwa kwa kadi ya mlango alicheka mpaka akakohoa.

Réunion ndo nilipopata adabu. Watu wanasahau kwamba Réunion ni Ufaransa. Haifanani na Ufaransa, watu wake wanafanana na sisi na Wahindi na Wachina kwenye uso mmoja, wanauza sambusa barabarani wanaziita samoussa, lakini ni Ufaransa kabisa, na hela ni euro. Tena ndo sehemu ya kwanza duniani mtu kununua kitu kwa noti za euro, kwa sababu ya saa: usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2002 Paris bado ni saa 3 usiku, huku Saint-Denis, mji mkuu wa Réunion, saa 6 ishagonga, meya akanunua kilo ya lichi. Nasi tulienda Desemba, msimu wa lichi, yamejaa kila kona, ndugu yake shokishoki ila halina manyoya. Nikamtolea mama muuzaji noti ya dola 10. Akaitazama kama nimempa risiti ya LUKU. Hakukasirika, hakutaka kubargain, akasogeza tu lichi zake upande wake wa meza. Dola inakubalika kila mahali eh? Njoo uwaambie akina mama wa Saint-Denis.

Basi nikasema kadi ipo. Kadi yangu ya akaunti ya dola. Tukaenda kula mgahawani, bili euro 84 (najua, najua, ilikuwa birthday), kijana akaleta kimashine, kikaniuliza kwa upole sana: ulipe kwa euro, au kwa dola? Nikaona bendera ya Marekani pale nikafarijika kama nimeona ndugu. Nikabonyeza dola. Nikakatwa dola 92 na senti 10. Usiku nimelala nikaangalia reti ya siku ile kwenye simu, ilitakiwa iwe 88 na kitu. Karibu dola 4 zimeondoka kwa sababu nimekubali kusaidiwa.

Naomba hapa mnisikilize vizuri maana ndo kitu pekee ambacho ningependa yule bwana harusi akisikie, mengine yote asahau. Kile kimashine kinapokuuliza unataka ulipe kwa hela yako au kwa hela ya hapa, huo sio ukarimu. Ukichagua hela yako, maana yake anaekufanyia hesabu ya kubadilisha ni upande wa muuzaji na kampuni yake ya kimashine, kwa reti yao, na faida yao ishawekwa humo humo ndani. Ukichagua hela ya pale, hesabu inafanywa na mtandao wa kadi na benki yako. Na benki yako nayo itakukata, mi siwatetei, za kwetu zinakata vizuri tu, lakini mara nyingi makato yao ni madogo kuliko hayo, na ukikosea unakuwa hata umekatwa na wote wawili. Kwaiyo jibu ni hela ya pale. Upo Réunion, euro. Upo Mauritius, rupia ya Mauritius. ATM nayo inauliza vilevile, imeandika kwa maneno matamu, "reti ya uhakika", afu kitufe cha kukataa wamekifanya kama vile ukikibonyeza hela haitoki. Inatoka! Bonyeza kukataa, inatoka. Na usimruhusu mhudumu akubonyezee, kuna wengine wanabonyeza kwa niaba yako huku wanakuuliza umependa chakula?

Mi naona ni uongo uleule wa yule mzee, umevaa suti tu. Unapewa raha ya kuona namba unayoijua, na hiyo raha unaiuziwa.

Victoria, Ushelisheli, nipite haraka: ile nayo ni rupia, ila sio rupia ya Mauritius, moja ya kwao ni kama tatu za Mauritius. Mama alitoa za Port Louis pale sokoni kwa kujiamini, "si rupia hizi?" Muuza samaki akacheka, tukacheka wote. Kwa Mama rupia ni rupia, marehemu babu alikuwa akihesabu kwa rupia mpaka anazeeka, na sisi wenyewe tunasema hela bila kukumbuka ni ile Heller ya Mjerumani ya mwaka 1904. Ukitoka nchi moja kwenda nyingine melini tenganisha noti, weka bahasha, andika jina. Basi.

Sasa Nosy Be, kisiwa cha Madagaska. Mama Madagaska alikuwa anaiita Bukini kama walivyoiita wazee, na ndo alipopapenda kuliko kote. Meli inasimama mbali, mnapelekwa na viboti, mnashukia Hell-Ville, bajaji za njano zinakusubiri kama uko Mwananyamala. Hela yao ariary, ariary moja inagawanywa mara 5 wala sio mara 100, na noti yao kubwa kuliko zote ni 20,000, ambayo haifiki dola 5. Watu wengi bado wanataja bei kwa faranga za zamani, ambazo ziliondolewa toka 2005 ila midomoni hazijaondoka, na faranga ni tano kwa ariary moja, kwaiyo ukiambiwa 50,000 uliza kwanza, 50,000 zipi? Mi nilikuwa nishahesabu nimlipe mama wa vanila mara tano ya bei. Akanirudishia mwenyewe. Yule mama sitamsahau.

Tulivyokuwa tunasubiri kiboti cha kurudi, akatufuata kijana wa kama miaka 15, ana soksi. Sio ameivaa, ameishika, ina uzito. Akakaa ukutani pembeni ya Mama akamimina sarafu: za euro moja, za euro mbili, senti hamsini hamsini, nyingine zimepauka. Anataka noti ya euro 20. Kwa Kifaransa changu cha kubahatisha na vidole nikaelewa: watalii wa melini wanampa sarafu, bakshishi, wanaona wamempa hela. Na benki haichenji sarafu za kigeni. Madirisha hayachukui. Noti wanachukua, sarafu hawachukui, mahali popote, hata huku kwetu jaribu uone. Kwaiyo yule mtoto amebeba mizigo, ameonyesha watu njia, amepiga picha na wake za watu, na amelipwa vyuma. Mpaka atokee mgeni anaerudi kwenye nchi za euro akubali kumbadilishia.

Mama akauliza anasemaje, nikamwambia. Akazipanga ukutani moja moja, vimnara vya euro tano tano, vinne. Akahesabu mara mbili kama anahesabu mchango wa msiba. Kisha akanigeukia, "Mpe noti." Nikampa. Soksi akabaki nayo, akaikunja akaweka mfukoni, kesho kuna meli nyingine. Mama akasema, "Sasa hao waliompa hizi, wao kwao si wananunulia mkate? Kwanini wasimpe ya karatasi?" Sikuwa na jibu. Sarafu zile nikazimalizia bandarini Réunion tuliporudi kupita, maji na biskuti, na mzigo wa aibu kidogo kwa sababu siku ya kwanza pale Nosy Be na mimi nilimpa dereva sarafu mbili nikajiona mwema.

Haya, nikubali kidogo, maana najua kuna mtu atanijia juu. Dola chache kama akiba beba. Siku kadi imegoma, siku benki imefunga akaunti kwa kuogopa wizi kwa sababu hukuwaaga, noti ya dola itakutoa. Noti ndogo, safi, na kwa njia ile bora uwe na euro ndogondogo kuliko dola. Nimekubali. Sirudii.

Na kabla hatujawasema sana wa visiwani, binamu yangu ana duka Mji Mkongwe. Kanga shilingi 20,000, mzungu akiuliza ni dola 10. Reti hiyo kaitoa wapi? Kichwani, namba ya mviringo. Mgeni akitoa noti ya dola ya kabla ya 2006 anaikataa kama ina ukoma, wakati Marekani wenyewe wanasema noti zao zote toka 1861 bado ni halali. Toka Machi 2025 kanuni zinakataza kabisa kupanga bei kwa fedha za kigeni, nikamuuliza umeacha? Akasema, "Nimeacha kuandika."

Kikao kilivyoisha nilimvuta bwana harusi pembeni kwenye magari nikamwambia kwa kifupi: hela ya pale kila mara, toa ATM ya benki mara moja kila kisiwa, sarafu zitumie kabla ya kupanda meli. Akasikiliza, mtoto mzuri. Akakuna kichwa. "Nimekuelewa dada, sasa mzee si kaahidi kunichangia dola mia mbili za safari, kasema anazo ndani toka zamani."

Nikamuuliza, za mwaka gani?