Kwa kipimo chenu, Askofu Luwum alishindwa

Jumamosi nilikuwa msibani, na hasira niliyotoka nayo bado ninayo. Mhubiri mgeni alipewa dakika tano za neno la faraja. Akashika kipaza sauti, akawa anatembea mbele ya jeneza huku na huku, akatuambia kwamba kama kungekuwa na ushindi katika nyumba ile, tusingekuwa chini ya turubai siku hiyo. Watu wawili watatu wakaitika amina, kwa mazoea tu nadhani. Mume wa marehemu alikuwa ameinamisha kichwa. Binti yao wa kidato cha pili alimkodolea macho yule mhubiri bila kupepesa.

Marehemu nilimjua. Kisukari kilimla taratibu, kwanza macho, kisha mguu. Siku ya mwisho nilipokwenda kumjulia hali, Biblia yake ilikuwa kando ya mto, na kadi ya kliniki ameibana kwenye kurasa za Warumi, imechakaa mikunjo mpaka inataka kuachana. Macho yalikuwa hayasomi tena, yule binti ndiye aliyekuwa akimsomea. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nikilala leo najua naenda kwa nani. Ila huu mguu unaniuma jamani, acha tu." Anaumwa, anaogopa, na ana hakika, yote kwa mpigo. Huyo ndiye aliyetangazwa mbele ya wanawe kwamba hakushinda.

Sasa naomba hicho kipimo, kwamba aliyeshinda hafi hivyo, tukipeleke Uganda. Janani Luwum aliokoka mwaka 1948, akiwa kijana mwalimu wa shule, ndani ya ule Uamsho, lile wimbi la toba na wokovu lililowaka Gahini, Rwanda, likasambaa mpaka kwetu Bukoba. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin kulalamikia mauaji. Tarehe 16 mwezi huohuo akakamatwa pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba wamekufa kwa ajali ya gari. Ajali gani hiyo inayoacha matundu ya risasi mwilini? Kaburi lilichimbwa kwenye kanisa kuu la Namirembe, Kampala, mwili haukuletwa. Ulipelekwa kwao Mucwini, kaskazini, ukazikwa huko.

Haya, mtumishi, tuambie. Ni mlango gani alimwachia Shetani wazi? Ni madhabahu gani ya ukoo hakuibomoa? Hakupanda mbegu ya kutosha, yaani sadaka? Maana kwa kipimo chako, mshindi wa Februari ile alikuwa Amin: afya tele, jeshi, magari, medali zimejaa kifua kizima. Na usikimbilie kuniambia kwamba Amin aling'olewa mwaka 1979. Aling'olewa, ndiyo, kisha akaishi miaka mingi akafia kitandani hospitalini Jeddah mwaka 2003. Ukipima ushindi kwa namna mtu anavyokufa, Amin kamshinda askofu mpaka mwisho. Unaona unakotupeleka?

Luwum hakusubiri Amin aanguke ndipo awe mshindi. Alikamatwa akiwa ameshashinda, kwa sababu jambo lake kubwa lilimalizwa msalabani zamani, wala halikuwa mikononi mwa Amin. Ndiyo maana Paulo katika Warumi 8 anataja dhiki, njaa, uchi, hatari na upanga, halafu anasema katika mambo hayo yote tunashinda. Hakuahidi kwamba upanga utakuwa butu. Yeye mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake na jibu likawa kwamba neema inatosha. Leo angehubiri hilo kwenye baadhi ya mikutano yetu, wangemkemea.

Linaloniumiza zaidi ni jinsi watu wanavyonyimwa uhakika makusudi. Kila mkutano wa injili, nyoosha mkono, njoo mbele, fuatisha sala hii. Wiki inayofuata yuleyule anaambiwa ana vifungo, arudi. Wokovu umekuwa kama umeme wa Luku: unanunua uniti Jumapili, Jumatano zimeisha, uko gizani unatafuta tena hela. Yohana aliandika waraka wake wa kwanza ili wanaoamini wajue ya kuwa wana uzima wa milele. Wajue! Lakini mtu anayejua hawezi kuuziwa kitu, na hapo ndipo biashara inapogoma.

Sisemi lolote kuhusu bei za maji na chumvi vya upako. Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako, na hilo nalo nitaliacha hapohapo.

Nikubali jambo moja, kwa shingo upande. Mungu anaponya, na wanaokwenda kwa hawa watumishi si wajinga. Huko mgonjwa anawekewa mikono, anaitwa kwa jina lake, analiliwa. Kwenye makanisa yetu ya kengele na majoho, mgonjwa anatajwa kwenye matangazo baada ya mchango wa paa, na mzee wa kanisa akilikosea jina hakuna anayemsahihisha. Tukiwaacha watu na baridi hiyo, tusishangae wakienda kuota moto wa jirani. Lakini kumwekea mgonjwa mikono ni jambo moja, na kumsimanga akiwa jenezani ni jambo jingine.

Kwa yule binti wa kidato cha pili, kama kuna mtu atamfikishia: mama yako hakuishiwa imani. Mimi nilimsikia kwa masikio yangu. Imani ya kumwomba Mungu uponyaji anayo kila mgonjwa. Ile ya kubaki naye wakati mguu umekatwa na maumivu yako palepale, wengi wetu hatujaulizwa kama tunayo.

Najua mtakaonitumia Zaburi 105, "msiwaguse masihi wangu," ili nisiwaseme watumishi. Nitumieni tu. Ila msome kuanzia mstari wa 12 muone hao masihi walikuwa akina nani: watu wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa moja hadi jingine. Hakuna mmoja wao aliyekuja msibani na walinzi wanne.