Mti wa Ukoo, Urudishwe Ijumaa

Jumatano jioni mwanangu wa miaka 5 alitoa kwenye begi karatasi iliyokunjwa mara nne. Mchoro wa mti, visanduku 7, na maagizo chini yake: jaza majina, bandika picha, paka rangi, rudisha Ijumaa. Mtoto, baba, mama, babu wawili, bibi wawili. Basi, ukoo umekwisha.

Nilikasirika hata viatu sijavua. Mtoto huyu anaandika jina lake tu, tena herufi moja huwa anaigeuza. Kwa hiyo kazi ni yangu. Nikachungulia kundi la wazazi kwenye simu, picha zimeshaanza kumiminika: mti wa vitambaa, mti uliochapishwa kwa rangi, mti wenye majani yaliyokatwa kwa mkasi na mtu ambaye ni wazi hana umri wa chekechea. Hongereni sana. Watoto wenyewe walikuwa wapi? Mbele ya televisheni, nadhani, wakisubiri gundi ya asili yao ikauke.

(Siku ya mavazi ya asili, ile ya kukodi nguo asubuhi na kuirudisha jioni, leo naipita. Ina makala yake.)

Niseme pia kwamba kwenye mti ule hakuna mama mkubwa wala baba mdogo. Hakuna mama wa kambo, hakuna mlezi, hakuna yule jirani anayeitwa shangazi na kila mtu mpaka hakuna anayekumbuka kwamba si wa damu. Mtoto aliyelelewa na bibi peke yake anarudishiwa karatasi ya visanduku vitupu vitano na kuambiwa apake rangi.

Mimi nilikuwa na kimoja tu. Mwanangu alikiwekea kidole.

"Mama, huyu nani?"

"Babu yako. Baba yangu mimi."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Mmemtafuta?"

Nikainuka kwenda kuangalia jiko ambalo halikuwa na chochote.

Baba yangu aliondoka nikiwa mdogo kuliko huyu mwanangu. Sikumbuki kuondoka kwake, na hilo halishangazi, maana watu wazima wengi hawana kumbukumbu yoyote ya kabla ya miaka 3. Ninachokumbuka ni kilichofuata. Nikiingia sebuleni, mazungumzo yanakatika. Mtu anakohoa. Mama anauliza kama nimeoga. Hakuna aliyewahi kuniambia nisiulize, lakini kufika miaka 7 nilikuwa najua vizuri kabisa maswali yapi yanamfanya mama akunje khanga upya wakati imeshakunjwa. Huo ndio utamaduni wa familia nilioupokea mimi, na niliupokea bila karatasi wala gundi.

Ndiyo maana hasira yangu, nikiwa mkweli, haikuwa ya mti. Tunapoamua kumfundisha mtoto ametoka wapi, tunamletea ukoo uliokwisha kufuliwa na kupigwa pasi. Babu alikuwa shujaa, bibi alikuwa mchapakazi, sisi sote ni watu wa heshima. Yule aliyefilisika hayumo. Aliyekunywa hayumo. Walioachana waliachana "kwa sababu za kazi". Mwacha asili ni mtumwa, tunaandika kwenye simu zetu, halafu nusu ya asili yenyewe tumeifungia kabatini.

Pale chuo kikuu cha Emory, Marekani, wanasaikolojia Marshall Duke na Robyn Fivush walitunga maswali 20 ya ndiyo na hapana ya kupima mtoto anaijua familia yake kiasi gani. Nimeyasoma zaidi ya mara moja. Unajua wazazi wako walikutanaje? Jina lako lilitoka wapi? Unajua magonjwa na ajali zilizowapata walipokuwa wadogo? Lipo hata swali la ndugu ambaye uso wake uliganda ukiwa umenuna kwa sababu hakuwa anacheka, na watoto wengine hujibu ndiyo, kwa kuwa familia nazo zina uongo wake mtamu. Watoto waliojua mengi walijiamini zaidi, na walihisi wana mamlaka juu ya maisha yao. Duke mwenyewe alionya kwamba kukariri majibu hakumsaidii mtoto kitu. Kinachohesabika ni vile vikao vya kusimuliana ambamo majibu hayo hupatikana. Kati ya simulizi walizozisikia, iliyowapa watoto nguvu zaidi si ile ya ukoo unaopanda tu. Ni ile ya kupanda na kushuka: tulikuwa nacho, tukakipoteza, mjomba akaugua, tukasimama tena, tuko pamoja.

Simaanishi umkalishe mtoto wa miaka 5 umwage kila kitu. Ukweli una vipimo. "Babu aliondoka, bibi alihuzunika sana, na mimi pia" ni ukweli mzima kwa umri huo. Mengine yatafuata akiwa na miaka 10, na mengine atakapokuja kukuuliza usiku kabla ya harusi yake. Ila usimdanganye, kwa sababu siku atakayoujua ukweli, na ataujua, atakuwa amepata mambo mawili kwa pamoja: habari za babu, na habari zako wewe.

Basi nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona usiku, kuna usalama?"

"Usalama upo. Mjukuu wako anataka kujua habari za baba."

Kimya. Nikamsikia anapunguza redio. Nikajua sasa ataniuliza kama mtoto ameoga.

"Mweke kwenye simu," akasema.

Sikusikia yote. Nilisikia kwamba babu alikuwa anafungua saa za watu azitengeneze halafu hajui kuzirudishia, kwa hiyo nyumba ilijaa saa zilizokufa na wenye saa wanagonga mlango. Nilisikia mwanangu anacheka mpaka anapiga kwikwi. Miaka yote hiyo mimi sikuijua habari ya saa. Kisha mama akamwambia aende kwenye kopo la vifungo, lile la bati alilonipa nilipoolewa, atafute kifungo kikubwa cha kahawia chenye matundu manne, moja limevunjika ukingo.

Tulilimwaga kopo sakafuni. Vifungo vya mashati ya shule, vya sare ya kazi ya mama, vyeupe vidogo vya nguo ya kitoto ambavyo yawezekana vilikuwa vyangu. Cha kahawia kilikuwepo. Kilitoka kwenye koti la baba. Kwa hiyo mama, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 hakulitaja jina la mtu yule, alikihifadhi kifungo chake, na kila alipotafuta kifungo cha shati langu alikigusa.

Mwanangu hakuuliza kuhusu hilo. Aliuliza kama koti lilikuwa na mifuko.

Najua mwalimu atasema, na atakuwa na haki kidogo, kwamba bila karatasi yake nisingepiga ile simu. Haya. Kidogo. Ana watoto wengi darasani na nia yake haikuwa mbaya. Angeweza tu kuwaambia waulize swali moja nyumbani na waje kulisimulia kwa mdomo wao, wakikosea wapendavyo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 8, unautaja uhusiano wa kifamilia kuwa sehemu ya utambulisho wa mtoto. Gundi hauitaji.

Kwenye kisanduku cha babu mwanangu alinikataza nisiandike jina. Alikibandika kifungo kwa selotepu, tabaka nne. Pembeni, nje ya mti, alichora duara lenye mistari. Akasema hizo ni saa, zimekufa.

Karatasi ilirudi Jumatatu. Vema, imeandikwa kwa wino mwekundu, ila jaza visanduku vyote. Kifungo hakipo, kimebaki alama ya selotepu tu. Kesho asubuhi nakwenda kukidai.