Kabla ya Kuuliza Megapikseli, Bonyeza MENU

Mtu akiniomba ushauri wa kununua kamera ndogo ya dijitali, hasa hizi zilizotumika ambazo vijana wamezirudia kwa mapenzi, swali lake la kwanza huwa ni megapikseli ngapi. Mimi humwambia aiwashe, abonyeze MENU, kisha aone itamchukua muda gani kuongeza mwanga wa picha kidogo tu. Naamini kwa dhati kwamba nusu ya kamera ni programu iliyomo ndani yake, na kwamba watengenezaji wametunyima mengi kupitia menyu kuliko kupitia lenzi.

Chukua jambo linalotokea kwenye kila harusi. Bwana harusi kavaa kanzu nyeupe, bibi harusi shela jeupe, na nyuso zao ni nyeusi au za maji ya kunde. Kamera haijui inamtazama nani. Kipima mwanga chake kimeundwa kudhani kwamba vyote vilivyomo kwenye fremu, vikichanganywa, vitatoa rangi ya kijivu cha wastani. Ikikutana na weupe mwingi inaona mwanga umezidi, inapunguza. Kanzu inatoka ya kijivu na uso wa bwana harusi unazama gizani. Mweke mtu mweusi mbele ya pazia jeusi na kinyume chake kitatokea: kamera itaongeza mwanga mpaka mtu apauke. Watu wengi wameishi wakiamini kwamba wao "hawatoki vizuri kwenye picha", kumbe ni hesabu ya mashine tu, na hesabu hiyo inarekebishika. Dawa iko kwenye kamera karibu zote, ni kile kipimo chenye alama ya +/-, ambacho kwa kawaida hupanda na kushuka kwa theluthi ya hatua hadi hatua 2 kila upande (kupanda hatua moja ni kuongeza mwanga mara mbili). Kwa kanzu nyeupe, panda theluthi mbili au hatua nzima, kisha kagua kama kitambaa hakijaungua, yaani hakijawa weupe mtupu usioonyesha mikunjo. Nyuso zitarudi.

Sasa tazama kipimo hicho kimewekwa wapi. Canon PowerShot S95 ya mwaka 2010 ina pete inayozunguka lenzi, na mwenye kamera anachagua mwenyewe pete hiyo ifanye kazi gani: kuongeza na kupunguza mwanga, kubadili ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), au kuruka kati ya viwango vya zumu vilivyopangwa, milimita 28, 35, 50, 85 na 105. Unazungusha kwa vidole vya mkono wa kushoto huku jicho liko kwenye skrini, wala huingii kwenye menyu. Dada yake mkubwa, S90 ya 2009, alikuwa na pete hiyohiyo, lakini gurudumu la nyuma lilizunguka kwa ulegevu hivi kwamba kidole kikiteleza tu, mpangilio umebadilika. Kwenye S95 wakaliwekea vituo vinavyogota. Badiliko dogo, na kwangu mimi lina thamani kuliko megapikseli 5 za ziada, kwa sababu anayetengeneza kamera hapo alikuwa amemsikiliza anayeitumia.

Kwenye kamera nyingi za bei ya chini, kipimo kilekile kimezikwa ndani ya orodha, na ukiwa kwenye AUTO hakionekani kabisa. Ndiyo maana humwambia kila mtu atoke AUTO aende kwenye hali ya P. Kamera bado itakuchagulia kasi ya shata na uwazi wa lenzi, ila milango mingine itafunguka.

Wapo wanaosema menyu fupi ni kumrahisishia mnunuzi. Nakubali hilo kwa kiasi, mpaka ninapokumbuka habari ya PowerShot G7 ya Canon. PowerShot G6 ilihifadhi picha za RAW, yaani data ya kihisio (chipu inayopokea mwanga) kabla kamera haijaichakata na kuibana kuwa JPEG. Ikaja G7 mwaka 2006, kamera ya hadhi ya juu katika ukoo wa kamera ndogo za Canon, na RAW haikuwemo. Mwaka uliofuata G9 ikairudisha. Je, kihisio cha G7 kilikuwa hakiwezi? Jibu lilitoka kwa waandishi wa programu wa kujitolea walioitengeneza CHDK, programu ya nyongeza kwa kamera ndogo za Canon. Unaiweka kwenye kadi ya kumbukumbu, inapakiwa kamera inapowashwa, haigusi programu asilia, na ukiiondoa kamera inarudi kuwa ilivyokuwa. Kwa CHDK, G7 inahifadhi RAW. Hata A570 IS ya 2007, kamera ya betri mbili za AA ambayo haikuwahi kuuzwa kwa wapenzi wa vifaa ghali, inahifadhi RAW, inaonyesha histogramu (grafu ya mgawanyo wa giza na mwanga) kabla hujapiga, na inaendesha skripti, yaani maagizo yaliyoandikwa, za kupiga picha kila baada ya sekunde kadhaa au za kusubiri radi imulike. Vyuma ni vilevile na lenzi ni ileile. Kilichokosekana ni mistari ya menyu, na mtu fulani aliamua isiwepo.

Siwezi kukupamba CHDK bila kusema upande wake mwingine. Menyu zake ni msitu, na kuhifadhi RAW kwenye kamera hizo kunakufanya usubiri baada ya kila picha. Lakini nawaheshimu sana waliofanya kazi hiyo bure, kwani walithibitisha kwamba kifaa tulichokinunua kilikuwa na uwezo kuliko tulioonyeshwa.

Kuhusu sidii ya programu za kompyuta iliyokuja kwenye boksi la kamera, msimamo wangu ni mkali zaidi. Kimoja tu nakisifu. Kamera kadhaa za Canon zilikuwa na hali ya kuunganisha picha, ambapo skrini inakuonyesha ukingo wa picha iliyopita ili uupatanishe na inayofuata, kisha PhotoStitch kwenye kompyuta inazishona kuwa mandhari moja pana. Hapo menyu na programu zilifanya kazi moja. Mengine yaliyobaki yalikuwa ni kukufungia nyumbani kwao. ZoomBrowser EX, programu ya Canon ya kutazama picha, iliacha faili za ZbThumbnail.info ndani ya kila folda ulilolipitia, na anayefungua diski ya zamani leo bado anakutana nazo asijue ni za nini. Kodak iliomba kinga ya mufilisi Januari 2012, na huduma yake ya picha mtandaoni ikafungwa mwaka huohuo. Hata Picasa, programu ya Google ya kupanga picha ambayo wengi waliikimbilia wakizikwepa programu za sidii, iliachwa 2016. Ukiwa umeandika majina ya wazee wako ndani ya programu ya namna hiyo, majina yanaweza kubaki humo hata picha zikihama.

Na haikuwa lazima. Tangu 1998 watengenezaji walikubaliana kanuni iitwayo DCF, ndiyo maana kadi ya karibu kila kamera ina folda la DCIM, ndani yake folda kama 100CANON, na ndani yake IMG_0001.JPG na wenzake. Kompyuta yoyote inalisoma bila sidii. Kwa hiyo nakili folda zima, lipe jina la tarehe na tukio, weka nakala ya pili kwenye diski nyingine.

Kwenye mipangilio nina machache ninayoyabadilisha siku ileile. Tarehe na saa kwanza, kwa kuwa ndizo zinazoandikwa ndani ya kila faili. Muhuri wa tarehe juu ya picha nauzima kabisa: tarehe imo kwenye faili tayari, na ile ya rangi ya chungwa pembeni haifutiki. Zumu ya dijitali nayo naizima, kwani inakata tu picha na kuitanua. Halafu namba za faili ziwe za kuendelea, zisianze upya kila ukibadili kadi. Vinginevyo utakuwa na IMG_0001 ya harusi na IMG_0001 ya msiba, na siku ukizikusanya folda moja, moja inaweza kumfuta mwenzake.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia sidii imepotea, usimuombe apunguze bei kwa ajili hiyo. Dai chaja na betri, kisha ipekue menyu mbele yake. Toa betri dakika moja, irudishe, uone kama tarehe imebaki. Weka P, tafuta +/-, piga picha ya shati jeupe mara mbili, ya pili ukiwa umepandisha hatua moja, uone kama kweli zinatofautiana. Bonyeza kila kitufe cha nyuma, hasa cha katikati cha FUNC. SET, maana hicho ndicho kilichofanya kazi kuliko vyote, na kikiwa hakiitikii mpaka ukikandamize kwa nguvu, tafuta kamera nyingine.