Chupa sita, ziwe mpya

Ujumbe uliingia kwenye grupu la wazazi saa tatu usiku, kama kawaida yao. Kesho kila mtoto wa darasa la nne aje na chupa sita za maji za lita moja na nusu, safi, zinazofanana, zisizo na mikunjo, bila vifuniko. Somo la mazingira. Watoto wanajifunza kutumia tena taka.

Jamani, saa tatu usiku mimi chupa sita zinazofanana nazitoa wapi? Kwetu tunachemsha maji. Zilizokuwepo ni mbili tu: moja ina mafuta ya alizeti niliyonunua barabarani Singida, nyingine mama mkwe ameweka asali yake, na ole wake atakayeigusa. Nikavaa kanga na kwenda dukani kwa Mangi kununua maji makubwa sita. Akacheka, akaniambia mimi ni mzazi wa nne. Usiku ule tulimimina maji kwenye ndoo, kwenye jagi, mpaka kwenye sufuria ya ubwabwa. Yaani tulizalisha taka ili mtoto apate taka ya kujifunzia.

Ningenyamaza, ila maonyesho yenyewe nilihudhuria. Ilikuwa wiki ile ya Siku ya Mazingira, 5 Juni, turubai limefungwa, mgeni rasmi kachelewa. Chupa zetu zilikuwa zimekatwa maua na kupakwa rangi ya dhahabu. Watoto wakatoa ngonjera, mmoja akawa Taka mwingine Mazingira, tukapiga makofi.

Ngonjera ikiendelea, getini akafika kijana mwenye kiroba mgongoni, mnawajua, wale wanaopita mitaani kuokota chupa na kuziuza kwa kilo. Aliona wageni wengi, akajua chupa zitakuwepo. Mlinzi akamfukuza kama mbwa. Watoto waliosimama karibu na geti wakaangua kicheko, "Chokoraa! Chokoraa!" Wa kwangu alikuwemo. Nilimwona kwa macho yangu, kavaa kofia ya karatasi iliyoandikwa TUNZA MAZINGIRA.

Sijui kama nimewahi kuona aibu namna ile. Pale shuleni, siku ile, mtu aliyeielewa taka kuliko sote alikuwa yule aliyefukuzwa. Nimewahi kumtazama akifanya kazi nyuma ya nyumba yetu: anang'oa kifuniko kwanza kwa sababu kinauzwa kivyake, anachana lebo, anaikanyaga chupa iwe bapa kiroba kibebe nyingi, zisizo na rangi upande huu, za kijani upande ule. Ukimletea chupa iliyopakwa rangi anaitupa, maana mnunuzi wake haitaki. Kwa hiyo maua yetu ya dhahabu, kwa taarifa yenu, ndiyo yaliyoua kabisa chupa ambazo zingeweza kusagwa zikawa kitu kingine. Jumatatu yake nilipita kulipa hela ya chakula nikayakuta kwenye shimo la taka nyuma ya vyoo, yanafuka moshi mweusi.

Hoja yangu ni hii na sina nyingine: ukimfundisha mtoto kutumia tena kitu, kitu hicho kitumike. Pambo la siku moja halimfundishi chochote zaidi ya kupamba. Sisi tulikata magurudumu ya magari yetu ya boksi kwenye ndala zilizokatika (na mimi niliwahi kuchapwa kwa kukata ambayo ilikuwa haijakatika). Mpira tuliufuma kwa makaratasi na kamba, na ukiufunga vibaya unafumuka kona ya kwanza, wenzako wanakuzomea. Mtihani ulikuwa palepale. Lile dau la Flipflopi walilolijenga Lamu akina fundi Ali Skanda, tani kama 10 za plastiki na kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa, lilipata heshima kwa sababu waliliingiza baharini, na Januari 2019 wakaanza safari nalo mpaka Unguja. Fundi wa dau anajua kuwa bahari haina mgeni rasmi. Chombo kinaelea au hakielei.

Halafu kuna jambo ambalo shule ingelisema kweli, na halisemwi: si kila chupa irudiwe. Watoto wanakunywa mafuta ya taa kwa sababu yamewekwa kwenye chupa ya soda. Dumu la dawa ya shamba linaoshwa na kutekewa maji. Hilo mtoto wa darasa la nne alijue kabla ya maua.

Haya, nakubali, mwalimu naye ana watoto rundo na vifaa hana, na mgeni rasmi anataka kuona kitu kinachong'aa. Na ua moja lilikuwa zuri, liko juu ya friji yangu. Lakini mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku 1 Juni 2019 hakuna aliyemtolea mama yangu ngonjera. Alishusha kikapu chake cha ukili kutoka juu ya kabati, akapangusa vumbi, akaenda sokoni, na wajukuu wakimtazama.

Vile vifuniko sita vilibaki nyumbani. Binti akaviona, akasema vinafaa kuwa kete za drafti, akachora ubao kwenye kipande cha boksi. Drafti inataka kete 24. Nikamwambia, za kwangu ni hizo tu, zilizobaki kamwombe mwenye nazo. Alijua namsema nani. Alizunguka siku mbili nzima. Jumamosi kijana alipopita, nikamsikia dirishani: "Shikamoo kaka." Kimya kidogo. "Marahaba. Unataka nini?" Akamhesabia vifuniko 18, vya bluu vitosheleze upande mmoja, hakudai hata mia. Alichosema ni kwamba tuwe tunamwekea chupa, na tusizipake rangi.

Jana usiku binti kanifunga mara mbili.