Mafuta ya Urusi, soko la Marekani: nani analipia msimamo wa India?

Desemba 2025 Vladimir Putin alipotua New Delhi, Waziri Mkuu wa India Narendra Modi alikwenda mwenyewe kumpokea uwanja wa ndege. Walikumbatiana, kisha wakapanda gari moja, Toyota Fortuner nyeupe. Gari la Kijapani, na Japani ni mwenzake India katika Quad, kundi ambalo India iko pamoja na Marekani na Australia wakiitazama China kwa jicho la pembeni. Miezi mitatu nyuma yake, mjini Tianjin, Modi ndiye aliyepanda gari la Putin, katika safari yake ya kwanza nchini China baada ya miaka saba. Kumwelewa Modi, anza na hayo magari.

Sisi tuliokulia na maneno "kutofungamana na upande wowote" ni rahisi kudhani hii ni ile ile ya Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, na mkutano wa Bandung wa 1955. Siyo. Nehru alitaka kukaa mbali na ugomvi wa wakubwa. Modi anaingia kila nyumba, anakula kila sahani, na hataki kuulizwa amelala wapi. Tena hata ile ya zamani haikuwa safi hivyo: Agosti 1971, vita vya Bangladesh vikinukia, waziri mkuu Indira Gandhi alitia saini mkataba wa urafiki na Wasovieti, na Desemba Rais Nixon wa Marekani, aliyeiunga mkono Pakistan, akatuma manowari ya kubeba ndege, Enterprise, hadi Ghuba ya Bengal. Wahindi wenye umri wao hawajalisahau hilo, na ndiyo sababu mojawapo inayomfanya Mrusi apokelewe Delhi kama ndugu hata anapokuwa na makosa.

Wanaotetea msimamo huu wana hoja nzito. Machi 2, 2022, nchi 141 zilipopiga kura Umoja wa Mataifa kulaani uvamizi wa Ukraine, India ilikuwa miongoni mwa 35 zilizojizuia. (Tanzania, Uganda na Burundi zilikuwemo humo; Kenya ililaani.) Baada ya hapo ikaanza kununua mafuta ghafi ya Urusi kwa bei ya punguzo, kutoka chini ya asilimia 2 ya mafuta inayoagiza hadi zaidi ya theluthi moja. Ulaya ilipolalamika, waziri wa mambo ya nje wa India, S. Jaishankar, aliwajibu huko Bratislava, Slovakia, kwamba Ulaya iache kudhani matatizo yake ni ya dunia nzima, ilhali ya dunia si yake. Alipigiwa makofi mengi kusini mwa dunia. Na Marekani yenyewe haikuwa na ubishi wakati huo: balozi wake Delhi, Eric Garcetti, alisema wazi mwaka 2024 kwamba walitaka mtu ayanunue mafuta hayo ili bei isipande.

Kuna na jirani. Juni 2020, bonde la Galwan mpakani na China, wanajeshi 20 wa India waliuawa katika mapigano ya ana kwa ana na Wachina. Pakistan nayo ilinunua China sehemu kubwa ya silaha zake za kutoka nje, asilimia 81 kati ya 2020 na 2024. Aliyezungukwa hivyo hawezi kumsusa Mrusi anayemuuzia S-400, mitambo ya kutungulia ndege na makombora, wala Mmarekani anayemsaidia dhidi ya Beijing. Uturuki iliponunua S-400 hizo hizo iliwekewa vikwazo na Washington mwaka 2020. India ikaachwa. Ilikuwa inahitajika.

Hapo ndipo penye kitendawili, kwa maoni yangu. Wengi huisifu Delhi kwa werevu, lakini kilichoibeba miaka yote hiyo ni woga wa Marekani kwa China. Agosti 2025 woga huo uliwekwa kando kidogo, na Donald Trump akaitwisha India ushuru wa asilimia 50, nusu yake ikiwa ni adhabu ya mafuta ya Urusi. China, mnunuzi mkubwa kuliko India, haikuadhibiwa kwa kosa hilo. Beijing ina madini adimu ambayo viwanda vya Marekani haviwezi kuishi bila hayo. India ina watu bilioni moja na nusu karibu, ina soko, ina historia, lakini siku ile haikuwa na cha kumkaba nacho mtu.

Wakosoaji wa Magharibi hupenda kuanzia kwenye maadili, na hawakosi ushahidi: Julai 8, 2024, Modi alimkumbatia Putin nje ya Moscow siku ile ile kombora lilipopiga hospitali ya watoto Kyiv. Mimi siwasikilizi sana, maana na wao wamekumbatia wengi. Swali linaloniuma ni la mahesabu ya ndani.

Mafuta ya bei chee yalimfaidisha nani? Pale Delhi lita ya petroli ilikuwa rupia 96.72 kuanzia Mei 2022 hadi Machi 2024, haikutikisika, kisha ikashuka kwa rupia mbili. Dereva wa bajaji hakuliona punguzo la Urusi. Waliolionja ni wenye viwanda vya kusafisha mafuta, hasa kule Gujarat, kwenye mitambo ya Jamnagar (wilaya ambayo familia nyingi za Kihindi za Nairobi na Mombasa zina asili yake). Serikali hujibu kwamba bila manunuzi yale bei ya dunia ingeruka na kila mtu angeumia. Huenda ni kweli, ila faida ya namna hiyo haionekani mfukoni.

Ushuru nao ulimwangukia nani? Simu na dawa zilisamehewa. Waliobaki ni wafuga kamba wa mabwawa ya Andhra Pradesh, wachonga almasi wa Surat, na mafundi wa Tiruppur, mji wa kusini unaoshona fulana za maduka makubwa ya Marekani. Mwanamke aliyekaa kwenye cherehani Tiruppur hakununua hata pipa moja la Mrusi.

Delhi yenyewe inajua kamba inayoifunga na Urusi inalegea. Sehemu ya Urusi katika silaha inazoagiza ilishuka kutoka asilimia 72 (2010–2014) hadi 36 (2020–2024), Ufaransa na Israel zikijaza pengo. Na Urusi inavyozidi kuiegemea China, rafiki wa zamani anazidi kuwa shemeji wa adui. Mkataba wa S-400 ulikuwa wa vikosi vitano, ukasainiwa 2018. Vitatu vilifika. Viwili vilichelewa kwa miaka, kwa sababu ya vita vile vile ambavyo India ilikataa kuvilaani.